Betri Iliyokuwa Inacheka

Juzi maabara ya kemia ilinuka yai bovu, na darasa zima likanigeukia mimi. Siwalaumu. Kidato chetu kikitoa harufu, mlio au chaki iliyoruka yenyewe, watu hawapotezi muda kufanya uchunguzi. Nikasimama, nikainamisha kichwa kama mgeni rasmi, nikawashukuru kwa kuhudhuria. Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliniambia nitoke nikaokote karatasi uwanjani mpaka akili inirudie.

Sikuokota karatasi. Nilikaa nyuma ya tangi la maji nikawa natazama viatu vyangu. Ndani bado walikuwa wanacheka, nawasikia. Mtu angenipita pale angedhani nimeonewa, nina machungu. Hapana. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona, unajua ni wako, ukiufinya hausemi kitu. Harufu ile nimeijua kabla sijajua kusoma, na kila ikinikuta huniacha hivyo hivyo. Basi nawasimulia nyie wa rika langu. Wakubwa nikiwasimulia wananishika kichwa kwa huruma, na kichwa chenyewe shule imeshakinyoa, hakina kinga.

Kwetu ni Tabora mjini, Chemchem. Upande wa baba ni watu wa mjini wa siku nyingi, washona nguo na wenye viduka, wanaosali swala tano na kukumbushana kila Idi kwamba babu wa babu yao alibeba meno ya tembo kichwani kutoka hapa hadi pwani, akarudi kwa miguu. Mimi ndoo ya maji kutoka bombani hadi bwenini naibeba kwa vituo. Baba ndiye peke yake aliyewatoroka na cherehani zao. Alinunua trekta. Lilikuwa kuukuu, bluu yake imepauka kama sare ya shule iliyorithiwa na mdogo mtu, lakini lilikuwa lake. Kila msimu wa kulima alilipeleka Ziba, kwao mama, kwenye zile mbuga za udongo mweusi unaong'ang'ania jembe kama deni. Mama alibaki Chemchem na duka lake la vitenge. Mimi nilikwenda na baba, kwa sababu sikuwa nimeanza shule, na kwa sababu mama alisema nikibaki naye atanitia kwenye gunia aniuze kama mkaa.

Ziba tulikaa kwa bibi mzaa mama. Bibi aliniita mke mwenzangu, nami nikamwita bi mkubwa, na tuligombana kwa heshima kama wake wenza kweli, wakati mume mwenyewe, babu, alishafariki zamani bila kuombwa maoni. Alikuwepo pia Mjomba Maganga, mdogo wake mama, ambaye baba alikuwa anamfundisha kuendesha. Mjomba alikuwa mtu wa kununa. Hata akishiba alinuna.

Kuhusu baba, kitu ninachokikumbuka vizuri kuliko sura yake ni kicheko. Hakuwa anacheka kwa mdomo. Alifunga mdomo, akatazama pembeni kama anayetafuta kuku aliyepotea, na kicheko kikachemkia tumboni, bwi-bwi-bwi, kama maharage yaliyofunikwa jikoni. Nilikuwa nakaa mapajani mwake juu ya trekta, nakisikia mgongoni kabla hakijafika masikioni. Nikakifanya kazi. Nilimwigiza bibi akisali huku anasinzia. Niliigiza mkutano wa kijiji wa mbuzi, mwenyekiti akiwa beberu asiyetaka kuachia madaraka. Kikija kile kicheko, mgongo wangu wote unatetemeka, nami natafuta kingine. Nilikuwa mtoto wa kazi moja tu na nilikuwa naiweza.

Msimu ule ulikuwa ndio kwanza unaanza, mawingu yanakuja na kuondoka kama wageni wasiojua nyumba. Baba akaanza kuumwa tumbo. Akaumwa siku ya kwanza akilima, akaumwa tena, halafu likaja gari la mtu wa senta kumpeleka hospitali Tabora. Alikaa kiti cha mbele, mkono tumboni. Nikamuuliza tunakwenda wote? Akasema hapana, mimi nibaki nichunge mbuzi wasipande juu ya trekta. Mbuzi wa Ziba wana tabia hiyo, wakiona kitu kirefu lazima wakipande wakajisaidie huko juu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyopewa na baba yangu. Wenzangu wameachiwa wosia. Mimi niliachiwa mbuzi.

Alifia huko. Kwao mtu hacheleweshwi, akifa anazikwa. Mjomba alipanda basi siku hiyo hiyo akafika wameshatoka makaburini. Wanaume walikuwa wamelibeba jeneza, wanawake wamebaki nyumbani kama desturi ilivyo, mama ameingia eda, haruhusiwi kutoka. Nyumba imejaa, na wakubwa wakaamua mimi nisiletwe mpaka mama atakapotoka eda. Mjomba akarudi Ziba na mfuko wa nguo za baba. Haya yote nayajua sasa. Wakati ule, bibi aliniita jikoni, akanikalisha kwenye kigoda chake ambacho kwa kawaida nikikigusa ni vita, akaniambia baba yangu amefariki. Nikasema haya. Nikauliza kama naweza kuendelea kukaa kwenye kigoda.

Watu wa Ziba wakaja kukaa matanga kwa bibi, maana mkwe naye ni mtoto. Ukapikwa wali kwenye masufuria ya kuazima. Nikala vizuri. Halafu akaja Mzaramo mmoja aliyekuwa anauza mitumba pale senta, mtani wa baba. Nyie mnajua mambo ya watani kwenye misiba: wenzao wanalia, wao wana kibali cha kufanya fujo. Yule bwana akaufungua mfuko aliokuja nao mjomba, akavaa ovaroli ya baba, akajipaka grisi mashavuni, akaanza kutembea kama baba, mguu mmoja ukichelewa kidogo. Akazunguka uani akimdai marehemu ekari zake, anasema huyu Mnyamwezi mjanja sana, amesikia shamba langu lina visiki akaona bora afe. Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wengine wakalala kwenye mkeka. Bibi mwenyewe alijifunika kanga usoni, mabega yanaruka.

Nikawatazama, nikapiga hesabu yangu. Kuku akifa tunamwona, miguu juu. Punda wa jirani alikufia bwawani, tulimwona, na tulimnusa wiki nzima. Baba nani amemwona? Nilimuuliza mjomba, akasema hakumkuta. Nilimuuliza bibi, akasema mguu wake mbovu haukumruhusu hata kusafiri. Hakuna aliyemwona, na watu wanacheka, na nguo zake zimerudi. Kwa akili yangu, habari ile ilikuwa haijakamilika.

Matanga yalipoanuliwa, mjomba akaliwasha trekta. Watu walikuwa wanasubiri kulimiwa, mbegu ziko ndani, na mvua ya mbuga haina subira. Ikitangulia kabla ya jembe, trekta linazama hadi tumboni na mwaka unakwisha. Alilima hadi mchana, akaja kuliegesha kando ya zizi, akazima, akaenda kula. Nikachukua fimbo yangu nikaenda zamu ya mbuzi.

Nikaisikia harufu. Nzito, ya yai lililosahaulika chini ya kuku, na kwangu mimi ilikuwa ni harufu ya punda wa bwawani. Nikazunguka trekta nikiivuta kwa pua kama mbwa. Ilikuwa inatoka kwenye kile kisanduku cha bati kilichokuwa karibu na kiti, chenye kifuniko. Nikaweka sikio.

Bwi-bwi-bwi.

Nilikaa chini. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuogopa hata bata. Nilikaa, nikamwambia polepole kwamba mtani wake amevaa ovaroli yake na suruali imempasukia nyuma. Ikachemka, bwi-bwi, ikatulia, ikachemka tena. Nikasema sawa. Kumbe yumo humu.

Msiniulize mtu mzima anaingiaje kwenye kisanduku. Bibi alikuwa ananisimulia kila jioni majini wanaokaa kwenye chupa, na sikuwahi kumsikia hata jini mmoja akilalamika nafasi. Niliamua watu wa Tabora wamemrudisha kwenye ule mfuko, na kwa kuwa kazi ilikuwa imeanza, wakamweka karibu na kiti chake. Ilikuwa inaeleweka kabisa.

Tukawa na utaratibu. Mjomba anarudi, anazima, ananuna, anaondoka. Mimi nabaki na muda wa kile kicheko, ambacho kilikuwa kinaisha taratibu, kama chai inayopoa. Kwa hiyo nilijifunza kusimulia haraka, bila kuzunguka. Siku trekta likilima sana, alicheka sana. Siku likiwaka kidogo tu, alicheka kidogo. Nikaona ni haki, mtu akifanya kazi anakuwa na moyo. Harufu niliizoea, hata nikaipenda. Sikumwambia mtu. Haikuwa siri, ila hakuna aliyeniuliza.

Kumbe wakubwa walikuwa na msiba mwingine na hicho hicho kisanduku. Betri ilikuwa inakauka. Mjomba anaijaza maji asubuhi, mchana imekwisha. Taa za mbele ziling'aa kama macho ya mwizi, halafu zikaungua zote mbili. Vitundu vikajaa kwenye suruali ya mjomba kwa sababu ya maji makali ya betri, nikamwambia ana nondo wenye meno ya dhahabu, akaninyima muwa. Betri ikafa. Akaazima ya jirani, ile ya kuwashia taa za sola, nayo ikachemka ikavimba mbavu. Jirani akaja kuichukua bila kusalimia. Maneno yakaanza senta kwamba trekta la yule marehemu linakula betri, mwenyewe hataki liguswe. Watu wawili watatu waliokuwa kwenye foleni ya kulimiwa wakarudi kwenye majembe ya ng'ombe.

Bibi, ambaye Jumapili alikuwa mtu wa kanisa na siku nyingine alikuwa mtu wa kujihadhari, alikoroga unga wa mtama kwenye maji, akanyunyizia magurudumu. Akaongea Kisukuma kirefu na wazee wa kwake waliolala makaburini. Halafu akasogea upande wa kiti, akaongea na baba peke yake, kwa Kiswahili, maana alikuwa mtu wa mjini. Alimwambia, mwanangu, tuachie tulime, mkeo yuko ndani huko hana wa kumsaidia. Nilikuwa nyuma yake na fimbo yangu. Nikafurahi kwamba bibi naye anajua. Sikuwa peke yangu.

Asubuhi moja trekta likagoma kabisa. Mjomba akakaa kwenye kiti mikono magotini, akasema mara moja tu, bila kumtazama mtu, kwamba atatafuta gari la kulivuta hadi Nzega, wauza vyuma wa huko walichukue lilivyo.

Bibi alikuwa anapepeta. Hakusimamisha ungo.

"Unauza mali ya nani, Maganga?"

"Ya dada."

"Dada yako yuko eda. Mwenye eda haamuliwi mambo yake nyuma ya mlango. Kamlete fundi."

Fundi Shija alikuja kutoka Nzega kwa pikipiki, sanduku la spana limefungwa nyuma kwa mpira, jezi ya mpira mgongoni imeandikwa namba tu, jina limebanduka. Alikuwa anaongea tangu hajazima pikipiki. Akamwamkia bibi, mwangaluka mayu, akaitikiwa, akauliza nani ameshalishika hili trekta kabla yake. Mjomba akasema ni yeye. Fundi akatazama nyaya, akatazama suruali ya mjomba, akasema naona.

Alikuja na betri yake. Akaifunga kwa muda kwa waya za nje, wakaliwasha, akatoa mita yenye mshale akaibana na betri. Akamwambia mjomba akanyage mafuta. Mshale ukapanda. Mjomba akakanyaga zaidi, ukapanda zaidi, ukapita pale ambapo fundi alikuwa ameweka kidole. Akamwashiria azime. Akaeleza kwamba dainamo inatengeneza umeme kwa kadiri injini inavyokimbia, haina adabu, na kuna kijisanduku kidogo, katauti, kazi yake ni kuikatia ikizidi. Hiki chenu kimeganda, hakikati tena. Betri zako hazikuwa na kosa lolote, alisema, zimelishwa mpaka zikatapika. Mjomba akauliza, kwa hiyo siyo marehemu? Fundi akasema marehemu ana kazi zake.

Kisha akachukua spana, akashika kile kifuniko. Nami nikajikuta nimesimama mbele yake na fimbo ya mbuzi.

"Usifungue," nikasema.

Akacheka, akadhani ni mchezo. Akaniuliza kwani mimi ndiye askari wa hapa. Mjomba akaniambia nitoke. Sikutoka. Akanishika mkono, nikauzungusha ule mwingine kwenye chuma cha kiti, akavuta, nikang'ang'ania. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimeshikilia tu, kama kupe.

Bibi akaja akichechemea. Akamwambia mjomba aniache. Hakunivuta. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, unanukia ugoro na unga.

"Mke mwenzangu. Kuna nini humo?"

"Baba."

Fundi alishusha spana. Mjomba alianza kufungua mdomo, bibi akamnyooshea kidole bila kugeuka.

"Nani kakwambia?"

Nikamwambia harufu, nikamwambia na kicheko. Nikamwambia namsimuliaga mchana mjomba akienda kula, na siku ile ya unga si hata yeye alikuja kuongea naye? Bibi akanitazama kwa muda mrefu. Nilisubiri anipige au anicheke, yote mawili aliyaweza. Akanyanyuka polepole, mkono kiunoni, akamwambia fundi:

"Fungua mbele yake. Kila kitu. Aone mpaka chini."

Basi fundi akafungua. Yule mtu aliyekuwa hanyamazi akaanza kufanya kazi kimya, na kila anachokitoa ananionyesha kwanza, kama dukani. Akaanza na waya wa hasi, akanionyesha, akauweka pembeni. Akatoa betri, akafungua vifuniko vyake, akaniinamishia nitazame ndani. Kulikuwa na vibati vya kijivu na maji kidogo. Chini ya betri kulikuwa na unga mweupe na bati lililoliwa na kutu. Nikaingiza mkono, nikapapasa kona zote. Hakuna kitu. Nikaomba atoe na lile bati la chini. Akalitoa. Kulikuwa na ardhi.

Halafu akafungua kijisanduku cheusi kilichokuwa kimefungwa ubavuni kwa skrubu, kikubwa kama kiberiti cha jikoni, akakivua kofia yake. Ndani kulikuwa na waya mwembamba uliojizungusha, na viulimi viwili vya chuma vilivyopaswa kuachana na kukutana. Vilikuwa vimeungua vikashikana.

"Ndiyo hii," akasema. "Hii ndiyo ilikuwa inachemsha."

"Imekufa?"

Alimtazama bibi kwanza, kisha mimi. "Imekufa, mama."

Akaniwekea mkononi. Ilikuwa nyepesi na inanuka kuungua tu, harufu ya kawaida. Niliishika wakati wote anafunga mpya. Alikwangua rangi pale kwenye ubavu mpaka chuma kikang'aa, ili iguse vizuri. Akarudisha nyaya moja moja, kila mmoja mahali pake. Akaweka betri aliyokuja nayo, waya wa hasi akaumalizia mwisho. Akagusisha waya mfupi mara moja kuiamsha dainamo, cheche ikaruka, mjomba akaruka nayo. Wakaliwasha. Mshale ukapanda, ukafika kwenye kidole cha fundi, ukasimama. Mjomba akakanyaga mafuta hadi moshi ukatufunika wote. Mshale ukabaki pale pale. Fundi akasema imekaa. Watu waliokuwa wamesimama uzioni kutazama wakaanza kuuliza shamba la nani litatangulia, na mjomba, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaonyesha meno.

Walipozima, nikaenda kuweka sikio.

Nilisubiri. Kuna chuma kilikuwa kinapoa, ti, ti. Nikasimulia, kwa sauti ndogo, kisa cha fundi kuruka na cheche, ingawa aliyeruka ni mjomba. Nilibadilisha kwa sababu nilijua kingenoga zaidi. Nikasubiri tena. Najua nyuma yangu wote walikuwa wananitazama.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

"Hasemi kitu."

Bibi akanichukua mkono, tukaenda kukaa kwenye ukuta wa zizi. Akaniambia baba yangu amezikwa Tabora. Akasema yeye kaburi hajaliona, na mama hajaliona, wanawake hawaendi. Lakini wanaume wa kwao wamelifukia kwa mikono yao, nao si watu wa kusema uongo katika hilo. Aliongea taratibu, anangoja nilie, kanga yake ameshaishika tayari kunifuta. Nikajaribu. Kweli nilijaribu, nilikunja uso na kila kitu, maana nilimwona amejiandaa. Haikuja. Nikamuuliza kama fundi atakula kwetu, na kama atakula, ni kuku yupi.

Trekta likalima. Mvua ikaja ikakuta mbuga zimeshageuzwa, na watu wakapanda. Mjomba akawa mtu mkubwa, anapigiwa honi na pikipiki. Mimi sikuwa na shida yoyote. Nilikula, nilichota maji, nililala. Ila nilikuwa siigizi mtu, na nikiulizwa najibu kama walivyouliza. Bibi alidhani ni malaria. Alinichemshia mwarobaini nikanywa bila kupigana, na hapo ndipo alipoogopa kabisa, akampigia simu mama kwa simu ya mjomba, akazungumza naye akiwa amenipa mgongo.

Mama alipotoka eda, mjomba alinipeleka Chemchem. Nyumba ilikuwa na wanawake wengi, udi unafuka, pilau inaiva uani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani. Alikuwa amekonda na shingo imekuwa ndefu. Nikamwamkia shikamoo kama ninavyomwamkia mtu nisiyemjua, akaitikia marahaba, akapapasa mkeka nikae. Mashangazi walikuja mmoja mmoja kunishika kichwa, wakasema maskini, wakatoka. Mlango ukarudishwa. Tukabaki wawili. Uso wake ulikuwa kama wangu, nadhani. Kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Bibi yako kaniambia habari za trekta," akasema.

Nikatazama mkeka. Nilijua sasa ndipo nitakapogombezwa, au nitakapoelezwa tena kuhusu kaburi, na nilikuwa nimeshaelezwa.

"Alikuwa anacheka?"

Nikainua macho. Hakuwa ananitania. Alikuwa ameinamisha shingo kidogo, mbele, kama mtu anayeuliza habari za aliyesafiri.

"Ndiyo," nikasema.

"Sana?"

"Kwa chini chini. Kama kafunga mdomo."

Akatikisa kichwa taratibu, akalitazama pazia.

"Ndivyo anavyocheka," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.